Jina Lililoitwa Mtoni

Riruta,
4 Agosti 2025

Mama Kinyanjui,

Salamu. Natumaini mjukuu wangu, mume wangu mdogo Kinyanjui, amepona kile kikohozi, na kwamba Dan anakula vizuri huko Hurlingham kwenye majumba yenu ya lifti.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa wewe mwenyewe ndiwe uliyeapa hutaongea nami tena kwenye simu. Nilishakueleza kwamba ule ujumbe wako wa sauti niliutuma kwa kikundi cha akina mama bila kukusudia, kidole kiliteleza. Hukuamini. Basi sawa. Nimefundisha Darasa la Nne miaka mingi kuliko umri wako, barua hainishindi. Njuguna mlinzi wa ploti yangu ya wapangaji ndiye atakayeileta. Mpe chai kabla hajarudi.

Jambo langu ni moja. Mtoto ana miezi mitano na bado mnamwita Beibi. Nani huzeeka akiitwa Beibi? Kinyanjui alipozaliwa hakuna aliyebishana. Alichukua jina la marehemu mume wangu, na hadi leo nikimwona akikimbia uani moyo wangu unatulia. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Huo ndio utaratibu wetu na ulijua hivyo ulipoolewa. Si zawadi ninayokuomba, ni haki yangu.

Daktari amesema baada ya upasuaji ule hakuna mtoto mwingine. Binti yangu Nyawira naye hana hata dalili ya kuleta mtu nyumbani. Ukinipita kwa huyu, siku nitakayofunikwa na udongo hakuna mtu duniani atakayeitwa mimi. Usinifanyie hivyo, Ivyne. Nikikosa jina hilo sitakusamehe, nakwambia mapema ili usije ukasema hukujua.

Najua una uchungu wa mama yako. Rael alikuwa mtu mpole, hakunisumbua. Lakini kumlilia mama yako si sababu ya kuninyima mimi.

Nangoja jibu.

Mama Dan

*

Hurlingham,
9 Agosti 2025

Mama,

Asante kwa barua. Njuguna alikunywa chai vikombe viwili, na mandazi juu.

Umesema kweli, nimechelewa, na sina la kujitetea. Jina ni lako. Dan hata hakuniuliza mara mbili, nami sikubisha. Ila nina ombi dogo moja: acha jina litolewe kwa watu wa mama yangu, kule mto Nyando unapoingia ziwani. Kwetu mtoto anaitwa jina mbele ya wazee, mlangoni, watu wakisikia. Mama mdogo Mercyline, dada yake marehemu mama, ndiye mkubwa aliyebaki. Angefurahi sana kukuona.

Tungeenda wote. Tunapanda treni ya Ijumaa jioni pale stesheni ya katikati ya mji, asubuhi tuko Kisumu. Mjomba Joash atatungoja na mashua ufukweni Dunga, atupeleke hadi kwenye mafunjo mto unapogawanyika, na jioni turudi Kisumu. Kinyanjui hajawahi kuona kiboko. Wewe nawe tangu ustaafu hujatoka Riruta isipokuwa kwenda kuzika watu.

Njoo na Nyawira atupigie picha. Na uvae kile kitambaa chako kizuri cha kanisani. Nataka watu wetu wakuone vizuri.

Ivyne

*

Hurlingham,
9 Agosti 2025

Mama mdogo Mercyline,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu cha karatasi unajua ni aibu, na simu masikio yako hayaisikii. Anayekusomea akusomee mkiwa wawili tu.

Kuna neno sikukwambia tulipomzika mama. Sikumwambia mtu yeyote, hata Dan.

Oktoba iliyopita nilipolazwa kitandani na mimba hii, tulikuwa bado tunaishi uani kwa mama mkwe wangu Wanjira huko Riruta. Mama akaja kunisaidia. Unajua asingeweza kulala nyumbani kwa mkwe wake wala kula mezani kwake, wala kwa mama ya mkwe. Akachukua chumba kimoja kilichokuwa wazi mwisho wa ploti, karibu na mabafu, akawa anajipikia huko kwa jiko la makaa. Mchana alikuwa bombani, anafua nguo za Kinyanjui.

Siku moja wakaja akina mama wa kanisa la Wanjira kuniombea. Mmoja akauliza kwa Kikuyu, "Yule mama bombani ni nani?" Wanjira akajibu, "Ni mtu wa kazi. Tumemtoa huko kwao ziwani." Wakacheka kidogo. Dirisha langu lilikuwa wazi na Kikuyu nimekisikia miaka saba, hakuna neno lililonipita. Mama alipoona wanamtazama alifuta mikono kwenye leso, akaja, akawasalimia mmoja mmoja huku akitabasamu. Mwingine akampa kikombe chake kichafu. Mama akakipokea kwa mikono miwili.

Jioni akaniuliza, "Wale wamama walisema nini?" Nikamwambia, "Wamesema karibu Nairobi." Akafurahi, Mama mdogo. Januari akafa akijua alikaribishwa.

Sasa Wanjira anataka jina lake kwa mtoto. Nataka alipate. Nitamleta kwako. Tukishuka mashuani nitamchelewesha mtoto titi ili alie, na wewe utasimama mlangoni uite wafu wetu kama ulivyoniitia mimi nilipokuwa mdogo. Muite babu Okinyi, umuite Nyangweso, uwaite wote, kisha umuite Wanjira. Hapo nitamfungulia mtoto titi, anyamaze. Wakikuyu wanaita watoto majina ya watu walio hai, hajui kwetu mlango ule unaita nani. Atacheka na atatoa mkono. Nataka acheke kwa lugha asiyoijua, kama alivyomfanyia mama yangu.

Usimuite mama. Mruke.

Mtoto wako,
Ivyne

*

Nyando,
22 Agosti 2025

Mwanangu Ivyne,

Barua nimesomewa mara mbili. Ya kwanza nililia. Ya pili nilikasirika, kwanza na huyo mwanamke, halafu na wewe.

Sikiliza. Tangu mtoto azaliwe nimemwota Rael mara mbili. Amesimama mlangoni kwangu, haingii. Namwambia ingia, haingii. Mtu akija hivyo anataka jina, na wewe hilo unalijua. Nilikuwa nangoja uniletee mtoto nimuite Rael, yaishe. Sasa unaniambia nimruke dada yangu niite mtu ambaye bado anakunywa chai Riruta?

Kumuita mtu aliye hai kwenye mlango ule si mchezo. Na kwetu mtoto akishanyamaza, aliyekuja amekuja, hatuiti mwingine. Wewe huna mtoto mwingine wa kuja. Una nafasi moja na unataka kumpa adui yako. Fikiria.

Lakini hilo neno la mtu wa kazi limenikaa kooni, hata samaki hapiti. Ukija na bado unataka hivyo, nitafanya. Joash atakuwa Dunga na mashua.

Mercyline

*

Riruta,
5 Septemba 2025

Mama Kinyanjui,

Nimekubali kuja, na nimeshawaambia akina mama wote, kwa hiyo sasa hakuna kurudi nyuma.

Maswali yangu. Mashua hiyo ina viti ama tunakaa juu ya samaki? Huyo Joash ana jaketi za kuokolea za watu wazima wenye mwili? Kiboko anakaa umbali gani, na nani aliyemwambia akae hapo? Nyawira anasema, "Mum, relax, watu huenda huko na wanarudi." Nyawira hajui kuogelea, mimi pia sijui, kwa hiyo sijui anarilaksi kwa nguvu gani.

Nitabeba sukari, unga, majani ya chai na blanketi mbili za mama yako mdogo. Siwezi kwenda kuchukua jina mikono mitupu. Nishoneshe pia kitu kipya cha kuvaa? Kuna fundi hapa Adams Arcade ananiambia rangi ya zambarau inanipendeza.

Nitaonana nawe stesheni. Mvalishe mtoto kofia.

Mama Dan

*

Riruta,
15 Septemba 2025

Ivyne mwanangu,

Nimeamka leo bado nasikia mashua ikitikisika chini yangu, na bado nacheka peke yangu jikoni.

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye treni, mume wangu mdogo alipong'ang'ania dirisha hadi usingizi ukamwangusha kifuani kwangu? Nilimfunika, na hata Dan utotoni hakuwahi kulala kwa raha ile. Nianzie Dunga, Joash aliponifunga lile jaketi, likagoma kufunga, akasema, "Mama, hili ni la watu wembamba, ngoja nikupe la injini"? Nilitaka kumchapa. Halafu nikaona maji yamefunguka, na yale mafunjo marefu kuliko nyumba, na mto ukijigawa vijito vijito hadi sikujua tena ni upi mto wenyewe. Nilikuwa nimeshika ubao kwa mikono yote miwili, naomba kimoyomoyo, na bado nikasema, mbona miaka yote hii nimekaa Riruta nikitazama mabati ya wapangaji?

Na kwa mama yako mdogo nilikula kila nilichowekewa. Samaki na kichwa chake, na ile mboga chungu. Mimi sikatai chakula cha watu.

Lakini lile la mlangoni, Ivyne. Mtoto alikuwa amelia tangu tushuke mashuani, nikasema huyu anaumwa. Mercyline akasimama mlangoni, akaanza kuita. Anaita jina, mtoto analia. Anaita lingine, analia zaidi. Majina yenu yakapita mengi sana. Halafu nikasikia "Wanjira," na mtoto akakata kilio papo hapo! Nikapiga vigelegele vitatu, maana kwetu msichana hupigiwa vitatu, nikamshika kila mtu mkono. Mama yako mdogo alinitazama kwa macho ya ajabu, nadhani naye aliguswa. Nililia, na huwa silii mbele ya watu.

Sasa nikwambie nilichokuwa nimeficha kiwe zawadi ya ubatizo. Nimeongea na pasta na nimeongea na Dan: jina la ubatizo litakuwa Rael. Rael Wanjira. Mama yako alinifulia vizuri sana mwaka jana, na mtu akikufulia hivyo hupaswi kumsahau.

Alhamisi akina mama wanakuja kwangu. Nyawira alirekodi yote, atatuwekea kwenye televisheni. Nimemwalika na Stellah, yule mgeni Mjaluo aliyehamia kanisani kwetu kutoka Ahero, atutafsirie neno kwa neno.

Ni mimi nikushukuruye,
Wanjira, wa kwanza

*

Riruta,
19 Septemba 2025

Ivyne,

Walikuja wengi hadi viti vikaazimwa. Nilipika mukimo na kuku. Nilivaa ile nguo ya zambarau.

Nyawira akaweka video. Stellah akaanza kutafsiri, sauti yake nzuri, "Anasema karibu wageni, anasema mtoto analia, tumuulize ni nani." Halafu Mercyline akaanza kuita majina, Stellah akanyamaza. Nikamwambia, "Endelea, mwanangu." Akasema, "Mama, tuzime." Nikamwambia, "Kwa nini tuzime na bado mimi sijafika?" Akatazama chini. "Mama, hawa anaowaita wote ni marehemu. Anawaita wafu waje wachukue mtoto."

Na hapo hapo kwenye televisheni nikaitwa. Nikajiona kwenye kioo kikubwa napiga vigelegele kwa sababu nimeitwa na wafu. Nikajiona nikiwashika mkono.

Halafu Munyiva akacheka, akajiziba mdomo, na wengine wakaanza kutafuta mikoba. Kuku wangu hakuliwa. Mpaka jioni nimepigiwa simu na watu wanaouliza kama niko salama.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Ni kosa la mama yako mdogo asiyejua utaratibu wa watu wengine, ama ni wewe? Kama ni kosa, niandikie leo. Nitalimeza. Nimemeza mengi.

Wanjira

*

Hurlingham,
21 Septemba 2025

Mama Dan,

Si kosa. Ni mimi.

Barua yako ya Jumatatu ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa kazini, pale mapokezi kwa daktari wa meno, watu wamejaa. Niliisoma nimesimama. Nikaona umeandika Rael. Nilikuwa na simu mkononi. Ningeweza kukupigia nikwambie usimwalike Stellah, usionyeshe ile video, na leo tungekuwa tunapanga keki ya ubatizo. Nilishaanza kutafuta nambari yako.

Halafu nikafika pale ulipoandika kwamba alikufulia vizuri.

Alikufulia wewe? Alikuwa anafua nguo za mjukuu wake, Mama! Oktoba, siku akina mama walipokuja kuniombea, walikuuliza yule bombani ni nani. Ulisema ni mtu wa kazi, mmemtoa kwao ziwani. Dirisha langu lilikuwa wazi. Nilisikia kicheko cha kila mmoja, na cha Munyiva pia. Mama yangu alikuja kuwashika mkono akitabasamu kwa sababu hakujua Kikuyu. Akapewa kikombe kichafu aoshe. Nami nilikuwa nimelazwa, siwezi hata kusimama nimwambie aache.

Nikarudisha simu mkobani. Alhamisi nzima nilikuwa natazama saa, nikijiambia sasa wamekaa, sasa wanaangalia, sasa anajua. Nilifurahi. Sitakudanganya, sijafurahi hivyo tangu mama afe.

Ulitaka jina na umelipata. Sasa unajua mtu anavyojisikia akitabasamu mbele ya watu wanaomcheka. Tofauti yenu ni moja tu, wewe umeambiwa.

Ivyne

*

Riruta,
6 Oktoba 2025

Ivyne,

Nilikaa kimya wiki mbili na ukafikiri umenimaliza. Nilikuwa nangoja Jumapili.

Kwanza nikujibu la Oktoba, maana sipendi deni. Ndiyo, nilisema. Mama yako alikaa kwangu wiki tatu. Nilimtandikia kitanda cha wageni, akakikataa akaenda kulala karibu na mabafu. Nilimwekea chai, hakuigusa. Nilimpikia, akasema ameshiba, halafu naona moshi wa jiko lake anajipikia. Mkwe anakataa tonge langu mbele ya wapangaji wangu! Kila siku naona ile sahani imerudi ilivyokwenda. Nilijiambia huyu ananiona uchafu. Akina mama walipouliza ni nani yule asiyekaa mezani, ningejibu nini? Kwamba ni mama wa mke wa Dan, na ametudharau? Nikampa jina la kazi aliyokuwa anaifanya, na niliona tumelingana.

Stellah ndiye aliyenieleza majuzi kwamba kwenu mama haruhusiwi kula kwa mkwe. Miaka saba unakula kwangu, unasikia Kikuyu chetu chote, na hukuwahi kufungua mdomo uniambie neno hilo moja. Uliniacha nimchukie mama yako bure. Hilo nalo ni lako, libebe.

La pili. Stellah alinieleza mengine. Kwamba kwenu mtu akifa ndio hungoja mtoto. Kwamba mama yako, aliyezikwa Januari na mtoto akazaliwa Machi, ndiye aliyefaa kuitwa pale mlangoni kabla ya mtu yeyote, na watu wote wa pale walikuwa wanamngojea. Nilimuuliza, "Kwa hiyo hakuitwa?" Tukarudia video. Hakuitwa. Ulikuwa na jina moja tu la kumpa, Ivyne, na ulichukua jina hilo ukanipa mimi. Asante sana.

Na la tatu umeliona mwenyewe jana. Dan aliitazama video na Stellah kando yake, halafu akaenda uani akakaa peke yake muda mrefu. Sikumwambia afanye nini. Nilimwambia tu kwamba mimi jina la Rael nimeliondoa. Pasta alipouliza mtoto ataitwa nani, mwanangu akataja jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani. Peris Wanjira. Hakukubakizia hata herufi ya mama yako. Ulikuwa umesimama pale na mtoto mkononi. Ungesema nini mbele ya kanisa ambalo limeshasikia habari ya Alhamisi? Maji yakamwagwa, nikapiga vigelegele vyangu vitatu. Safari hii nilijua ni vya nini.

Umeniita kwa wafu. Sawa, nimekuja. Utaniamsha asubuhi na kuninawisha uso. Utaniimbia nilale. Ukikasirika utaita jina langu, na ukinihurumia utaita hilo hilo. Mimi nitakufa nikiwa nimeshiba, na wewe utaendelea kuniita mezani.

Peris Wanjira

*

Nyando,
14 Oktoba 2025

Mwanangu Ivyne,

Joash amenieleza ya ubatizo. Alisikia kwa Dan.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza lakini uzito umenizidi. Siku ile mlangoni ulikuwa umeinamisha kichwa unafungua kifungo, hukuona. Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Nilipoita Wanjira alinyamaza kabla titi halijatoka. Alinyamaza mwenyewe, akageuza shingo, akamtazama yule bibi. Ndiyo maana nilimkodolea macho. Mimi mwenyewe niliogopa.

Kwa hiyo usinitumie tena watu wa kuniomba nimuite Rael kimya kimya. Aliyekuja amekuja.

Na dada yangu haji tena. Tangu mlipoondoka na mashua sijamwota hata siku moja. Nilidhani nitalala vizuri. Naamka natazama mlango, hakuna mtu.

Mercyline

*

Hurlingham,
25 Oktoba 2025

Mama mdogo,

Najua umenikataza, na najua hakuna utakaloweza kufanya. Sina mtu mwingine wa kumwandikia. Dan anaongea nami mambo ya umeme na ada ya shule tu. Kwa Wanjira huenda na watoto bila mimi, na wakirudi mtoto ananukia mafuta yake.

Ulinionya. Nilikuwa na hasira hata sikusikia. Na ukweli ni kwamba bado ninayo, Mama mdogo. Ningemwona Wanjira kesho akitabasamu vile kwenye televisheni ningefurahi tena, kisha ningekumbuka nimelipa nini na ningelia tena. Sijui mtu hufanya nini na moyo wa aina hiyo.

Leo Dan alimpeleka Kinyanjui kunyolewa, tukabaki wawili. Mtoto siku hizi anakaa mwenyewe kwenye mkeka. Nilimpikia uji wa wimbi, nikauweka kwenye bakuli, nikakaa nyuma yake pale anapochezea vifuniko. Nikaita, "Rael." Polepole, kama mama alivyokuwa akiitwa na babu. Hakugeuka. Nikasema labda hajasikia. Nikaita tena kwa sauti, nikaita kwa kuimba, nikapiga na makofi. Alitazama makofi, akarudi kwenye vifuniko vyake. Niliita jina la mama yangu hadi sauti ikakauka, na mtoto niliyemzaa mwenyewe hakujua naita nani.

Uji ulikuwa unapoa. Nikaita lile lingine, akageuka, akanichekea mikono yote miwili juu, nikamlisha.

Ivyne